Kristina Mgaya wa Nyang'ombe, Mama wa Butiama

Katika nchi yetu ya Kilosa, kwa Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, mtu akitajwa kwa sifa wazee hawaulizi kwanza baba yake ni nani. Huuliza mama yake ni nani, na ni wa ukoo gani; kwa kuwa kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na mtoto ni wa watu wa mama yake. Hivyo twaona ajabu kidogo kwamba habari za Mwalimu Julius Kambarage Nyerere zimesimuliwa mara nyingi, na baba yake Mtemi Burito hutajwa kila mahali, lakini yeye aliyemzaa hupewa mistari miwili mitatu tu, kisha msimulizi huenda zake shuleni pamoja na mtoto. Tumepewa katika kijitabu hiki cha jubilei kurasa chache za kuwakumbuka akina mama Wakatoliki, nasi tumependa kuzitumia kwa habari za bibi huyo. Hakuwa mtu wa jimbo letu la Morogoro. Alikuwa Mzanaki wa Butiama, upande wa Musoma, mashariki ya Ziwa Viktoria. Lakini akina mama wa Kilosa na wa Mikumi watakaosikia maisha yake yakisomwa hawatahitaji kufasiriwa sana.

Mgaya wa Nyang'ombe alizaliwa yapata mwaka 1892. Siku zile Wadachi walikuwa wameanza tu kuishika nchi, na huko kwa Wazanaki watu waliishi vilimani kwa ulezi na mtama na ng'ombe wao, kila kilima na wazee wake. Akiwa msichana wa miaka kama kumi na mitano, mnamo mwaka 1907, aliolewa na Burito Nyerere, mtu mzima aliyempita umri kwa miaka mingi sana, kwani Burito alizaliwa yapata mwaka 1860. Wakati ule Burito hakuwa bado mtemi. Wadachi walimpa utemi mwaka 1915, katikati ya vita vyao na Waingereza. Basi Mgaya alikuwa amekwisha kukaa nyumbani mwake miaka minane kabla ya kuitwa mke wa mtemi.

Na nyumba ile ilikuwa kubwa. Wake wa Burito walifikia ishirini na wawili. Kila mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake na mawe yake ya kusagia, na watoto wake walilala kwake. Mwanamke aliyeingia katika boma la namna hiyo alijifunza upesi mambo mawili: kufanya kazi bila kungoja kusifiwa, na kuulinda ulimi wake. Mgaya alizaa watoto wanane, wanaume wanne na wanawake wanne. Wawili kati yao walikufa wangali wachanga. Habari hiyo huandikwa kwa maneno machache, kisha watu hupita. Lakini sisi tulioitwa usiku mara nyingi kumbatiza mtoto mchanga anayekata roho twajua kwamba mama hapiti hapo hata akiwa na wajukuu thelathini.

Mwaka 1922, mwezi wa Aprili, tarehe 13, alimzaa mtoto wa kiume siku ya mvua kubwa. Kwa desturi ya Wazanaki mtoto aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Hatuoni haya kulitaja jambo hilo katika kitabu cha Kanisa. Mgaya alimlea mtoto wake kwa nuru aliyokuwa nayo, na nuru nyingine ilikuwa haijafika kilimani kwake. Na jina lile la mvua mtoto hakulitupa alipobatizwa; alilichukua pamoja na jina la Kikristo mpaka kaburini.

Mtoto alikua kama watoto wote wa Butiama. Alichunga mifugo, akalima na mama yake, akachongwa meno kwa desturi ya kabila. Husimuliwa kwamba Ihunyo, mtemi jirani wa Busegwe, alikuwa akija kucheza bao na Burito, akauona wepesi wa akili za kijana huyu mbele ya bao, ndipo akamshauri rafiki yake ampeleke shule. Serikali ya Kiingereza nayo ilitaka watoto wa watemi wasome. Basi mwezi wa Februari mwaka 1934, Kambarage akiwa na miaka kumi na miwili hivi, alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, zaidi ya kilomita thelathini kutoka kwao, akalala huko huko bwenini.

Hapa twawaomba akina mama wa Mikumi watusaidie kusoma. Wao wajua maana ya kumtoa mtoto alfajiri apite njia yenye tembo na nyati, na kusimama mlangoni mpaka asionekane tena. Nyika ya Musoma mwaka 1934 ilikuwa nchi ya wanyama kama yetu. Zaidi ya hayo, mtoto wa miaka kumi na miwili katika boma lile alikuwa mikono ya mama yake: ndiye aliyechunga, ndiye aliyeshika jembe. Kati ya watoto wote wa boma aliyetolewa ni wa kwake, na neno la kumtoa lilisemwa na wanaume walioketi penye bao. Mgaya alibaki na jembe. Baada ya miaka mitatu kijana alikwenda mbali zaidi, shule ya Serikali ya Tabora, mwaka 1937. Na tangu hapo mama alimpata wakati wa likizo tu.

Ni huko shuleni kijana alikoanza kuvutwa na dini. Alipokuwa Mwisenge, yeye na rafiki yake, mwana wa yule Mtemi Ihunyo, walikwenda kwa mapadre Weupe katika misioni ya Nyegina kusikiliza mafundisho. Huko Tabora aliendelea. Lakini miaka ilipita naye hajabatizwa. Kisha mwezi wa Machi mwaka 1942 baba yake alifariki dunia. Mwana alikuwa katika mwaka wake wa mwisho Tabora, wala hakupata ruhusa ya kwenda kuzika. Mgaya alimlilia mumewe bila ya mwana huyo kuwa karibu. Utemi ulikwenda kwa Edward Wanzagi, mwana wa Burito kwa mke mwingine. Tarehe 23 Desemba mwaka 1943, siku mbili kabla ya Noeli, Kambarage alibatizwa Nyegina, akaitwa Julius.

Mama yake naye aliingia katika Kanisa Katoliki, akabatizwa kwa jina la Kristina.

Tungependa msomaji asimame kidogo hapo. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba imani hushuka kama maji, kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Katika nchi hii mara nyingi imepanda mlima. Mtoto ndiye aliyerudi na katekisimu mfukoni, akaanza kufanya ishara ya msalaba kabla ya kula ugali, na bibi akamtazama, akauliza. Kila katekista wa Kilosa amepata kuwa na wakatekumeni wenye mvi, walioketi nyuma kabisa kwa haya, wakijifunza sala ileile wajukuu wao waliyokwisha kuikariri. Twasema kwa yakini kwamba kazi yao ni nzito kuliko ya vijana. Kijana hupokea jambo jipya juu ya kiwanja kitupu. Mzee yampasa kubomoa kwanza nyumba aliyokaa miaka hamsini.

Na kwa Mgaya palikuwa na jambo jingine. Kwa sheria ya Kanisa mume mwenye wake wengi hawezi kubatizwa mpaka abaki na mmoja, na kwa mke wa nyumba ya namna ile mlango ulikuwa mwembamba sana. Wanawake wa namna hii twawajua. Wapo ambao huja Misa ya Jumapili mwaka hata mwaka, hufagia kanisa, huchangia mahindi ya mavuno, na wakati wa Komunyo hubaki benchini wakitazama sakafu. Hawakuiomba mitara, waliozwa wakiwa wasichana, kama Mgaya. Sisi hatuwezi kuigeuza sheria ya ndoa, wala hatutaki. Lakini twaona kwamba mara nyingine tumewasemea wanawake hao kwa ukali kuliko walivyostahili, kana kwamba wao ndio waliolipa mahari. Mgaya mjane alifika kwenye maji ya ubatizo baada ya maisha marefu katika boma la wake ishirini na wawili, na Kanisa likampokea kama binti.

Tuendelee na safari. Julius alimaliza masomo ya ualimu Makerere, akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kuanzia mwaka 1946. Padre Richard Walsh, mkuu wa shule hiyo, alimtia moyo aende kusoma zaidi. Hapo kijana alisita. Alikuwa na mama mjane na ndugu wadogo waliotegemea mshahara wake, naye alitaka kwanza hakika kwamba jamaa zake hawatapata taabu akiwa Ulaya. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada. Watu wa Butiama walitazamia kumwona bwana mkubwa. Wakamwona akikanyaga udongo na kufyatua matofali kwa mikono yake ili ajenge nyumba ya kukaa. Wengine walistaajabu. Aliyemfundisha kushika jembe hakuwa na sababu ya kustaajabu. Mwaka 1953 alimwoa Maria Waningu, binti Gabriel Magige, kwa ndoa ya Kanisa mjini Musoma, mke mmoja, yeye mwana wa mwenye ishirini na wawili. Kisha akaenda kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko huko Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Njia ya watu wa Musoma waliokwenda Pwani katika miaka ile ilipita mlangoni petu. Walivuka ziwa kwa meli mpaka Mwanza, wakapanda gari la moshi mpaka Tabora, kisha kwa reli ya kati wakashuka Dodoma, Kilosa, Morogoro, mpaka Pugu na Dar es Salaam. Katika siku hizo za Pugu Mgaya alikuwa pamoja na mwanawe, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo baadaye alilisimulia mwenyewe.

Alimwona mtu mmoja aitwaye Dossa Aziz akija nyumbani kila siku, akiongea na Julius kwa muda mrefu. Siku moja aliwasikia wakizungumza habari ya kuitwaa Serikali kutoka kwa Wazungu. Akaingiwa na hofu. Baadaye alimwuliza mwanawe kama alivyosikia ndivyo. Julius hakumficha, akakiri kwamba ndivyo. Hofu ya mama ikazidi. Akamwambia kwamba analolitenda ni baya, kwamba Mungu amempa kazi nzuri naye ataka kuiharibu. Mwana akamjibu kwamba kazi anayoitaka haitawafaa wao tu, bali watu wote wa nchi.

Wako wanaocheka wakisikia kisa hiki, wakimwona bibi kama mtu aliyekuwa hajui siku. Sisi hatucheki. Mama huyu alizaliwa Wadachi wakianza, akaishi chini yao, akawaona wakiweka watemi na kuwaondoa. Wazee wetu wa Kilosa wakumbuka waliyosimuliwa na baba zao juu ya vita vya Maji Maji ya mwaka 1905, jinsi waliomgusa Mdachi walivyolipizwa kwa kamba na kwa njaa. Mtu wa umri wa Mgaya alijua vizuri serikali inaweza kumfanya nini mtu mweusi. Na kwa upande wa pili alikuwa na mwana mmoja mwenye mshahara, aliyempatikana kwa miaka kumi na minane ya kuachana naye: Mwisenge, Tabora, Makerere, Tabora tena, Edinburgh. Hofu yake ilikuwa na akili.

Tena aliinena kwa jina la Mungu. Jambo hilo latupendeza, ingawa twaona kwamba katika shauri lenyewe mwana ndiye aliyekuwa na haki. Mgaya aliamini kwamba kazi nzuri ni zawadi ya Mungu, na kwamba zawadi hairudishwi. Julius aliamini kwamba zawadi ya mmoja ni ya wengi. Yote mawili yamo katika katekisimu yetu, na nyumba nyingi za Kikristo zimegawanyika kwa sababu mama ameshika moja na mtoto la pili. Nyumba ya Pugu haikugawanyika. Mama alisema yote aliyoogopa, akasikilizwa na kujibiwa kwa heshima, na akabaki mama wa mtu yule.

Aliyoyaogopa yalifika. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai mwaka 1954. Mwezi wa Machi mwaka 1955, baada ya kutoka Umoja wa Mataifa huko New York, Julius alilazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa, naye akaiacha kazi ile nzuri. Alirudi Musoma bila mshahara. Katika miezi hiyo alimfundisha Kizanaki Padre Arthur Wille wa shirika la Maryknoll, ambalo mapadre wake walifika Musoma mwaka 1946, na akafasiri masomo na Injili za Jumapili katika lugha hiyo. Habari hii wasimulizi wa siasa huipita mbio, kwa kuwa hakuna mkutano wa hadhara ndani yake. Sisi twaiona kuwa kubwa. Kizanaki ndicho alichokinyonya kwa Mgaya pamoja na maziwa. Na sasa, katika mwaka ambao mama alidhani yote yameharibika, mwana aliketi kuyatia maneno ya Bwana wetu katika lugha ya mama yake, ili wanawake wa rika lake wayasikie kanisani kama mtu anavyosikia sauti ya mtu wa kwao.

Yaliyofuata yajulikana, wala hatutayakawilia. Mwaka 1958 Julius alishtakiwa mahakamani kwa maandishi yake, akatozwa faini. Tarehe 9 Desemba mwaka 1961 Tanganyika ilipata uhuru, na mwaka mmoja baadaye yule mtoto wa mvua akawa Rais. Mtoto mwingine wa Mgaya, Joseph, naye aliingia katika kazi ya siasa. Mjane wa Butiama, aliyeambiwa kwamba kazi ile itawafaa watu wote, aliishi akaiona bendera ya nchi.

Twajua jinsi mambo yanavyokuwa kwetu mtu akipata cheo hata cha diwani: mama yake hubadilika mavazi, hubadilika kiti, na jamaa hubadilika sauti. Kwa nyumba ya Mgaya Butiama ilibaki Butiama. Wajukuu wake kwa Julius na Maria walikuwa wanane, na wa kwanza alipewa pia jina la babu yake, Burito. Kwa watoto hao Mgaya alikuwa bibi, na kupitia kwake waliweza kuligusa boma la zamani, la mtemi na la mawe ya kusagia, ambalo wasingalilijua kwa kusoma. Katika mwili wake mmoja zilikutana nyakati ambazo kwa wengine zimeachana: mzimu wa mvua na Rozari, Wadachi na Waingereza na Uhuru.

Mwezi wa Novemba mwaka 1985 Mwalimu aliondoka katika urais kwa hiari yake, akarudi kukaa Butiama. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Mama yake alikuwa amepita tisini. Tangu mwaka 1934 hawakupata kukaa jirani kwa miaka mingi hivyo. Sasa walipewa kumi na miwili. Mwana alilima, akahudhuria Misa kila siku kama ilivyokuwa desturi yake hata alipokuwa Ikulu, na jioni akaandika. Alifasiri Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi wa Kiswahili, na vitabu hivyo vikatolewa mwaka 1996. Aliyeanza mwaka 1955 kuyatia maneno yale katika lugha ya mama, aliyamalizia katika lugha ya taifa, na mama yake angali hai.

Kristina Mgaya wa Nyang'ombe alifariki dunia mwaka 1997, mwenye umri wa miaka mia na mitano hivi. Alikuwa mjane kwa miaka hamsini na mitano, muda mrefu kuliko aliokaa katika ndoa. Safari hii mwana hakuwa shuleni mbali. Alikuwapo kumzika mama yake.

Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Oktoba mwaka 1999, Mwalimu mwenyewe alifariki London, akaletwa nyumbani. Mwaka 2005 jimbo la Musoma lilianza kuchunguza maisha yake ili ijulikane kama astahili kutangazwa mwenye heri, na tangu hapo huitwa Mtumishi wa Mungu. Mahujaji huenda Butiama kwa mabasi, nao huongozwa Mwitongo, penye kiwanja cha zamani cha boma la Burito, mpaka kwenye kaburi la Mwalimu. Makaburi ya wazazi wake yako papo hapo. Waumini wa Kilosa na Mikumi watakaojaliwa kwenda tungewaomba, wakiisha kusali kwa Mwalimu, wapige hatua chache zaidi, wasimame kwa mama yake, wamwombee kwa majina yake yote mawili, Kristina na Mgaya.